Taa ya tanki la samaki: nichague kwa picha za WhatsApp?

Mkazi_Kisasa
Wakuu, habari za jioni. Nina tanki la lita 120 hapa Dodoma, ndani wapo sikilidi wa Ziwa Tanganyika. Naagiza taa ya LED Kariakoo, muuzaji kanitumia picha mbili: ya 6,500K na ya 10,000K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea bluu). Kwenye simu yangu zote nyeupe. Kwenye kompyuta ya ofisini moja ina bluu kidogo. Nifuate ipi?

FundiMwanga
Usifuate hata moja, mkuu. Kamera ya simu haipimi rangi ya taa, inakisia. Ikiona kila kitu kina bluu, inapunguza bluu na kupandisha nyekundu mpaka mchanga urudi kuwa mweupe. Kwa hiyo taa mbili tofauti, kila moja ikipigwa picha peke yake, zinatoka kama pacha.

Mwambie muuzaji aziwashe zote mbili kwa pamoja, zimulike karatasi moja nyeupe pembeni kwa pembeni, apige picha moja. Hapo kamera inalazimika kuchagua nyeupe moja, na tofauti inajitokeza. Utajua ipi ina bluu zaidi ya nyingine, basi. Rangi halisi bado hujaiona.

Akiwa na simu yenye Pro (hali ya kurekebisha kamera mwenyewe), aweke WB, yaani mizani ya nyeupe, kwenye 5,500K na aifunge hapo, asiiache Auto. ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) iwe 100, spidi ya kupiga picha 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni wa 50Hz, taa nyingi za bei ndogo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na spidi ya 1/1000 itakuletea michirizi myeusi. Picha aitume kama dokumenti, isibanwe.

Maji_Magumu
Nyongeza kuhusu skrini. Skrini inachanganya taa tatu tu: nyekundu, kijani, bluu. Zambarau ya 420nm (nm ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) iliyo kwenye taa za matanki ya matumbawe haiwezi kuitoa, inakupa bluu iliyotiwa nyekundu. Kabla ya kulinganisha chochote zima ile hali ya usiku inayofanya skrini iwe ya njano, na rangi za skrini ziwe za kawaida, siyo zile kali za kiwandani.

Halafu hiyo K yenyewe haimalizi habari. LED nyeupe ya kawaida ni chipu ya bluu ya karibu 450nm iliyopakwa unga wa njano, na nyekundu iliyokolea huwa haba. Taa mbili za 6,500K zinaweza kuonekana sawa kwenye karatasi, lakini moja ikafanya samaki mwekundu awe kama tofali kuukuu. Muulize CRI (alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi za vitu, ya juu kabisa ni 100), ikiwa 90 kwenda juu, afadhali. Na aonyeshe mchoro wa spektra (kiasi cha kila rangi ndani ya mwanga wa taa), siyo picha ya tanki la katalogi.

Mkazi_Kisasa
Asanteni. Na nikifika dukani mwenyewe?

FundiMwanga
Macho nayo yanazoea, ukitoka juani Kariakoo ukaingia dukani hutaona sawa. Kaa ndani dakika kumi, taa nyingine zizimwe. Beba sahani nyeupe na kitu chekundu, hata nyanya. Sikilidi hawa hawahitaji mwanga mkali, kwa hiyo ukikuta taa yenye kipunguza mwanga, chukua hiyo. Ila iangalie ikiwa imepandishwa hadi mwisho na ikiwa imepunguzwa, kuna zinazobadilika rangi zikishushwa.