Naomba ushauri: shada la Krismasi la makombe ya baharini, gundi inaachia na chumba kinanuka

MamaWawili_Kigamboni
Wanajamvi, salaam. Mwaka huu nimekataa yale mapambo ya plastiki yenye theluji ya pamba. Wanangu wamezaliwa Kigamboni, nataka mlango wetu ufanane na kwetu. Tumeokota makombe na simbi (kauri) wiki tatu, nikakata duara la boksi, nikabandika kwa gundi ya bunduki. Juzi jua la mchana likapiga mlangoni. Jioni nakuta nusu ya makombe yako chini, mdogo analia. Yaliyobaki yananuka kama dagaa waliolala. Nimewaahidi litakuwa tayari kabla ya tarehe 20. Nianzie wapi?

FundiUkindu
Pole sana dada. Gundi ile ni plastiki iliyoyeyushwa, ikipata joto inalainika tena, na mgongo wa simbi unateleza. Boksi nalo litakunywa unyevu wa upepo wa kaskazi, lijikunje. Chukua waya mnene wa umeme wenye ganda lake (hanga la nguo litashika kutu), pinda duara, lizungushie kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) mpaka linenepe kama kifundo cha mkono. Usumba unakamata, hauachii. Makombe usibandike, SHONA. Toboa tundu kwa drili ndogo, kombe likiwa ndani ya sahani ya maji ili lisipasuke na vumbi lake usilivute. Drili iwe ya betri, si ya kuchomeka ukutani. Pitisha uzi wa kuvulia, kaza fundo kwa nyuma. Langu nalitundika mwaka wa nne huu.

BintiPangani
Hiyo harufu ni nyama iliyobaki ndani, maana yake mengine yalikuwa hai mlipoyaokota. Simbi inayong'aa kama imepakwa mafuta mara nyingi ina mwenyewe. Iliyokufa zamani imepauka, imekwaruzwa na mchanga. Siku nyingine geuza kwanza, tazama ndani, ukiona nyama au miguu ya kaa irudishe majini. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo msiokote kitu kabisa, zile ni hifadhi za bahari.

Haya ya sasa: makombe chemsha dakika chache, chokonoa kwa sindano, loweka usiku mmoja kwenye maji yenye jiki kidogo. Simbi usizitie jiki. Zifukie mchangani kivulini, sisimizi watamaliza kazi. Ndimu na siki usiguse, zinakula kombe lenyewe na mng'ao haurudi.

Babu_wa_Kilifi
Mwanangu, mbona makombe mengi hivyo? Huku kwetu mti wa Krismasi ni mvinje, ule mti wa pwani unaofanana na msonobari, tangu nikiwa mdogo. Chomeka vitawi vya mvinje kwenye hiyo kamba, acha na vile vitunda vyake vidogo vyenye miiba, halafu makombe saba au manane upande mmoja. Linatosha na linapendeza. Na ukiuziwa kiti cha pweza kilichokaushwa, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, usinunue, nakuomba. Yule hukaushwa akiwa mzima.

MamaWawili_Kigamboni
Shikamoo babu, na asanteni nyote. Leo asubuhi tumemwaga uani ndoo ya makombe tuliyookota juzi, tukageuza moja moja. Mdogo akashika kombe moja likaanza kutembea kiganjani, kaa katoa miguu myekundu. Alinyamaza kabisa. Tumewapeleka wote kumi na mmoja ufukweni, sikujua kama walikuwemo na nimeumia. Makombe yamebaki ishirini hivi. Swali la mwisho: mvinje ukikatwa unakaa siku ngapi kabla ya kunyauka?

Babu_wa_Kilifi
Marahaba mama. Kata tarehe 19 jioni, usimamishe ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, uchomeke asubuhi. Ukianza kugeuka kahawia badilisha vitawi tu, kamba na makombe usivifungue.

FundiUkindu
Na utundike kwenye kivuli cha baraza, dada, si mlango wa upande wa jua. Weka picha tuone.