Konsoli ya mbali tunailipia kila mwezi, lakini seva ikigoma napanda basi la usiku kwenda Kampala

Wadau, salaam. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Jumapili. Nilijiambia nitulie kwanza, hasira zipoe ndipo niandike. Hazijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Mimi ndiye ninayetunza mitambo ya SACCO moja hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Wanachama wetu ni vijana wa boda, akina mama wa sokoni, walimu na wakulima. Seva yetu iko Kampala, tumekodi nafasi kwenye kituo cha data cha kampuni ambayo sitaitaja leo. Tuliihamishia huko kwa sababu umeme wa huku ulikuwa umeshatuulia diski mbili. Na siku ya kusaini mkataba, kilichonifanya niwashawishi wakubwa wangu wakubali ni mstari mmoja tu: konsoli ya mbali, saa 24, siku 7. Kwenye ankara ina mstari wake peke yake, shilingi 75,000 kila mwezi. Tumelipa miaka miwili bila kuruka hata mwezi mmoja.

Ambaye hajawahi kuitumia aelewe tunazungumzia nini. SSH, ile njia ya kawaida ya kuiamuru seva kwa maandishi ukiwa mbali, inakufaa seva ikiwa imeshaamka na mtandao wake umekaa sawa. Ikikwama njiani kabla ya hapo, SSH haina msaada wowote, maana hakuna wa kukufungulia mlango. Ndiyo maana seva za maana zina kompyuta ndogo ya pili juu ya ubao wake, wenyewe wanaiita BMC. Inaishi kwa umeme wa akiba hata seva ikiwa imezimwa, alimradi waya uko kwenye soketi. Ina anwani yake ya mtandao. Inanasa picha inayotoka kwenye seva na kukuletea ulipo, na unachochapa inakifikisha kana kwamba kibodi yako imechomekwa pale pale. Unaiona seva ikiamka tangu sekunde ya kwanza, unaweza hata kuizima na kuiwasha. Si teknolojia ya jana. Kanuni za IPMI, zinazoelekeza namna ya kuongea na kompyuta hizo ndogo, zilitoka 1998, toleo la 2.0 likaja 2004. Mtu anayeuza huduma hii leo hana cha kusingizia.

Sasa Ijumaa. Tumefunga ofisi, nikasasisha mfumo, saa mbili usiku nikairestati seva. Haikurudi.

Kosa la kuanzia ni langu na nalikubali wazi. Kulikuwa na diski ya chelezo tuliyoitoa mwezi uliopita, na mimi sikufuta mstari wake kwenye fstab, faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa seva inapoamka, wala sikuwa nimeuwekea nofail, neno linaloiambia seva iendelee hata diski isipoonekana. Linux ikikuta mstari kama huo inaingoja ile diski dakika moja na nusu, isipoiona inasimama kwenye hali ya dharura na kuomba paswadi ya root, yaani mkuu wa mfumo. Hapo hakuna mtandao, hakuna SSH. Dawa yake ni ndogo: unaweka paswadi, unafuta mstari mmoja, unawasha upya. Hata dakika tano haimalizi. Konsoli imeumbwa kwa ajili ya ajali za namna hii hasa.

Nikafungua lango lao. Likanishushia faili la JNLP, lile la kufunguliwa kwa Java Web Start. Java Web Start iliondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018, jamani! Mimi natunza laptopu kuukuu yenye Java 8 kwa kazi hii moja tu, kwa sababu kila nikiwauliza lini watahamia konsoli ya kufunguka ndani ya kivinjari, naambiwa iko kwenye mpango. Ile laptopu nayo ikagoma kwanza kwa kuwa cheti chao kimekwisha muda, ikabidi niilazimishe iwaamini. Baada ya robo saa nikaiona skrini ya seva yangu, na ujumbe wa hali ya dharura, na kishale kinapepesa pale chini kikingoja paswadi.

Nikachapa. Ikakataa. Nikachapa polepole, herufi moja moja. Ikakataa. Mara tisa. Nikaanza kuwaza labda nimesahau paswadi yangu mwenyewe, na hiyo paswadi nimeiandika kwenye daftari lililokuwa wazi mbele yangu.

Nikaiwasha upya seva kwa kitufe cha konsoli, nikaisimamisha kwenye GRUB, ile menyu inayotokea kabla Linux haijaamka, kwa sababu pale angalau unaona unachochapa. Nikaenda mwisho wa ule mstari wa kuamsha kernel, kiini cha Linux, niandike init=/bin/bash ili iniingize bila kuuliza paswadi. Kilichotokea kwenye skrini ni hiki: iinnnnit=/bbbbbin/baassssh. Nikajaribu alama ya @, ambayo imo kwenye paswadi yetu. Ikatoka alama ya kunukuu.

Kwa hiyo hata ningechapa mpaka asubuhi, isingefungua. Kila ukibonyeza herufi, zinasafiri habari mbili: kidole kimeshuka, kidole kimepanda. Ile ya pili ikichelewa njiani, seva inaamini bado umebonyeza, inarudia herufi. Na ile @ imeharibika kwa sababu programu yao imefungwa kwenye mpangilio wa kibodi ya Uingereza, seva iko kwenye wa Marekani, na hakuna mahali pa kubadilisha. Nimetafuta kila menyu. Sasa weka hayo mawili kwenye sehemu ya paswadi, mahali ambapo huoni hata nukta moja.

Nilijaribu kufuta na kusahihisha pale pale GRUB. Kila sekunde arobaini hivi muunganisho unakatika. Ukirudi unaambiwa konsoli inatumiwa na mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ni wewe wa dakika iliyopita. Unasubiri robo saa imsahau. Nilifanya hivyo hadi saa nane za usiku.

Mtaniuliza kwa nini sikupakia ISO ya uokoaji, yaani faili la diski ya kuiamshia seva kwa dharura, kupitia konsoli. Nilijaribu. Ile diski ya bandia inasoma faili kutoka kwenye laptopu yangu, kipande kwa kipande, kupitia njia ile ile inayokatika. Kama wangekuwa na faili hizo pale pale ndani ya kituo, seva ingezisoma kwa mtandao wa ndani na mteja asingemaliza bando lake bure. Nimewaambia hilo mwaka jana, nina barua pepe.

Sasa sikilizeni walichonijibu Jumamosi asubuhi: "Ssebo, tatizo ni intaneti ya Arua."

Nilikasirika mpaka nikasimama. Intaneti ya Arua ndiyo niliyokuwa naongea nao kwayo. Nikapima. Kutoka ofisini kwetu hadi anwani ya kawaida ya mtandao wao hapo Kampala, milisekunde 30 na kidogo. Kutoka ofisini hadi lango la konsoli, zaidi ya 350. Nikafuata njia hatua kwa hatua. Lango lenyewe limewekwa Ujerumani! Yaani herufi ninayobonyeza Arua inapita Kampala, inavuka Kenya hadi Mombasa, inaingia baharini, inafika Ulaya, halafu inarudi njia hiyo hiyo yote hadi Kampala kuiambia seva kwamba nimebonyeza "b". Kampala ina kituo cha kubadilishana mtandao, UIXP, tangu 2001, ili mambo ya hapa yaishie hapa. Na sisi nchi isiyo na pwani ndio tunaotakiwa kuogopa zaidi kutegemea kebo za bahari. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, mfumo wetu wa ndani uliendelea kufunguka kutoka Arua bila shida, konsoli ikafa kabisa. Siku ile sikuelewa kwa nini. Sasa nimeelewa.

Nikaomba basi mtu mmoja aliye zamu asogee kwenye seva, achomeke kibodi, nimwelekeze kwa simu. Nikaambiwa hiyo ni huduma nyingine ya kulipia, na wikendi haipo. Nisubiri Jumatatu.

Jumamosi sisi tunafungua hadi saa saba mchana, na ilikuwa wiki ya kufungua shule. Makarani walirudi kwenye madaftari, lakini daftari halijui salio la mtu, kwa hiyo tuliruhusu kutoa kiasi kidogo tu. Kuna mama mmoja anauza dagaa, mwanachama wetu wa siku nyingi. Alikuja na kitabu chake cha akiba amekifunga kwenye leso, na karatasi ya ada ya mtoto kutoka shuleni, kaishika mkononi. Fedha anazo, za kwake, kaziweka mia tano mia tano. Karani akamweleza kwamba mashine imekwama Kampala. Mama akauliza, "Sasa mwanangu, hela zangu ziko Kampala?" Mimi nilikuwa nimekaa meza ya nyuma. Sikuwa na jibu la kumpa, nikainamisha kichwa.

Jioni ile nikapanda basi. Nebbi, Pakwach, Karuma, Kigumba, Luweero, Bombo. Atakayesema ni safari ndogo aikalie usiku mzima na laptopu kifuani akiogopa kusinzia. Alfajiri nikawa Kampala. Getini kwenye kituo chao mlinzi hana taarifa, mwenye ufunguo yuko kanisani, nikakaa kwenye kibaraza hadi saa tano. Alipokuja nikachomeka kibodi, nikachapa paswadi mara moja, ikakubali. Nikafuta mstari. Nikawasha upya. Nilitazama saa: dakika nne. Yule kijana mwenye ufunguo akaniambia pole, na kwa kweli yeye hana kosa, yuko peke yake na rafu nzima za watu.

Na hili lingine siwezi kuliacha, japo halihusiani na basi. Nikiwa pale ndani nikaona waya wa BMC umechomekwa kwenye swichi ile ile ya mtandao wa kawaida. Swichi ikifa, seva na konsoli vimekwenda pamoja. Njia ya dharura ikipita ndani ya njia ya kawaida, dharura utaipita wapi? Halafu nikagundua anwani ya BMC yetu iko wazi kwa dunia nzima, mlango wa 623, ule wa IPMI, unajibu yeyote anayegonga, na akaunti ya pili ina paswadi ya kiwandani ambayo mtoto yeyote anaipata kwa kutafuta mtandaoni. Tangu 2013 imejulikana kwamba IPMI 2.0 humpa mtu yeyote anayeuliza alama iliyosimbwa ya paswadi kabla hata hajajitambulisha, akaenda kuivunja kwake taratibu. Udhaifu huo umo kwenye kanuni zenyewe, hakuna sasisho la kuuziba. Ndiyo maana popote duniani mtu mwenye akili anaiweka BMC kwenye mtandao wa pembeni nyuma ya VPN, njia iliyofichwa ya wenye ruhusa tu. Anayeingia hapo ameshika seva kuliko hata root: anaizima, anaiwasha kwa diski yake, anasoma atakacho. Ndani yake mna majina, simu na akiba za watu wetu, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inatubana sisi tuliokusanya taarifa hizo. Siku zikivuja, yule mama wa dagaa atakuja kwetu, hatakwenda kwao.

Nimewaandikia rasmi Jumatatu. Nimetaka lango la konsoli liwe Kampala, waya wa BMC utenganishwe, VPN, konsoli ya kivinjari yenye pa kuchagua kibodi, na fedha za miezi 24 zirudishwe, maana tulichokuwa tunalipia hakikuwepo. Ile akaunti ya kiwandani nimeifuta mwenyewe. Kwenye seva nimewasha pia konsoli ya maandishi kupitia mlango wa serial, ile ya SOL, kwa sababu maandishi matupu ni mepesi kuliko picha na hayategemei Java. Lakini nayo inapita kwa BMC ile ile, kwa hiyo bila VPN yao nimeifungia.

Wenye seva Kampala mkiwa mbali, Gulu, Mbale, Kasese, popote: hebu fungueni konsoli zenu leo, seva ikiwa nzima, mchape sentensi moja ndefu yenye alama zote, muone inatoka nini. Fuateni na njia inapita wapi. Halafu mniandikie hapa mmeona nini na kituo gani kina lango lake nchini, kwa sababu mkataba wetu unakwisha mwezi wa tisa na natafuta pa kuhamia.

Nyongeza, Alhamisi: wamenijibu kwamba tiketi imetatuliwa. Nimefungua konsoli saa nne asubuhi kuhakiki. JNLP ile ile, cheti kile kile, milisekunde 361. Nimechapa jina la SACCO yetu, herufi ya tatu ikajirudia mara sita, kisha skrini ikawa nyeusi.