Skana ya USB inakataa ikiwashwa baada ya kuingia kwenye Linux: ninaomba ushauri

Mwanzisha uzi:
Ndugu zangu, skana yangu hufanya kazi vizuri ikiwa imewashwa kabla sijaingia kwenye akaunti yangu, lakini nikiiwasha baadaye, amri ya `scanimage -L`, inayoorodhesha skana zilizopo, haioni chochote mpaka nitoke na kuingia upya. Nikitumia `sudo`, yaani mamlaka ya msimamizi, huonekana wakati wowote, kwa hiyo ninaamini kebo na draiva ni nzima na kwamba tatizo liko kwenye ruhusa. Kanuni yake ya udev (programu ya Linux inayosimamia vifaa vinavyochomekwa) imo katika `/etc/udev/rules.d/99-skana.rules`, nayo ina `TAG+="uaccess"`, lebo ya kumpa ruhusa ya kifaa mtumiaji aliye mbele ya mashine. Nitazame wapi?

Mchangiaji wa kwanza:
Ongeza `MODE="0666"` kwenye kanuni hiyo. Tatizo litaisha.

Mchangiaji wa pili:
Ninaomba kutofautiana na mwenzangu, kwa sababu 0666 humruhusu kila mtumiaji wa mashine kusoma na kuandika kwenye kifaa, ilhali chanzo cha tatizo kinabaki palepale.

Chanzo ni hiyo namba 99. Udev husoma mafaili ya kanuni kwa mpangilio wa majina yake, na ni katika `73-seat-late.rules` ambapo kifaa chenye lebo ya uaccess hupangiwa kupewa ruhusa papo hapo kinapochomekwa. Lebo yako inabandikwa hatua hiyo ikiwa imekwisha kupita. Hata hivyo, lebo yenyewe huhifadhiwa na udev, na ndiyo maana systemd-logind, huduma ya kusimamia kuingia kwa watumiaji, ambayo hupitia vifaa vyenye lebo hiyo unapoingia, huiona skana na kukupa ruhusa.

Lipe faili jina la `70-skana.rules`, endesha `sudo udevadm control --reload`, kisha zima skana na uiwashe. Tafuta kwa `lsusb` namba ya basi na ya kifaa, ambayo hubadilika kila kinapochomekwa, halafu endesha `getfacl`, inayoonyesha ruhusa, kwenye njia yake, kwa mfano `/dev/bus/usb/001/007`. Panapaswa kuwa na mstari wa `user:` wenye jina lako na `rw-` (kusoma na kuandika).

Mwanzisha uzi:
Ninakushukuru sana, mstari huo umeonekana na skana inasoma bila `sudo`. Lakini nikiingia kwa mbali kupitia mtandao, kwa SSH, kutoka kompyuta nyingine, huku hakuna aliyeingia kwenye mashine yenyewe, bado inakataa.

Mchangiaji wa pili:
Hiyo si hitilafu. Ruhusa ya uaccess hupewa mtu aliyeketi mbele ya mashine, na kipindi cha SSH hakina kiti (seat), yaani skrini na kibodi za mashine yenyewe, jambo unaloweza kulithibitisha kwa `loginctl`. Kwa matumizi ya mbali, ongeza `GROUP="scanner", MODE="0660"` kwenye kanuni, baada ya kuhakikisha kwa `getent group scanner` kwamba kikundi hicho kipo, kisha ujiunge nacho kwa `sudo usermod -aG scanner` ukifuatisha jina lako la mtumiaji. Pakia kanuni upya, zima skana na uiwashe kama mwanzo, kisha funga kipindi cha SSH na uingie tena, kwa kuwa uanachama wa vikundi husomwa wakati wa kuingia tu.