Nimeandika hadithi ya khanga ya mama, sasa mama anataka nimsomee. Naombeni ushauri

Mtoto wa Kota (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huwa napita humu kusoma tu, leo yamenifika. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Nimezaliwa Tabora, kota za reli. Baba alikuwa gadi wa treni, na zamu zake nyingi zilikuwa njia ya Kigoma. Anaondoka leo, anarudi baada ya siku tatu, nne, au wiki nzima kama kichwa kimeharibikia njiani. Akirudi tulimjua kwa harufu kabla hajabisha hodi: mawese, migebuka ya kukausha, chumvi ya Uvinza kwenye kifuko cha turubai. Tulikuwa watoto watano, na wote tuliamini baba anaipenda reli kuliko anavyotupenda sisi.

Alifariki 2009. Mwaka 2017 nikawa napanga makaratasi yake, nikakuta picha. Mwanamke amesimama stesheni ya Uvinza, kamshika mkono mtoto wa kike wa kama miaka minne. Nyuma kuna mwandiko wa baba: jina la mtoto, na 1988. Jina lenyewe ni la bibi yetu mzaa baba. Anayejua majina yanavyotolewa kwetu hahitaji kuelezwa zaidi.

Nikaenda, bila kumwambia mtu. Yule mama alikuwa ameshafariki, ila binti nilimkuta, naye ana watoto wakubwa. Miguu ni ya baba kabisa, kidole cha pili kimekipita kidole gumba. Hakuna aliyelia. Alinipikia dagaa, tukaongea habari za mvua na bei ya chumvi. Wakati naaga akaingia ndani, akatoka na khanga moja iliyopauka. Akasema, "Hii ndiyo mbeleko niliyobebewa." Akaniruhusu nipige picha kwa simu.

Ile khanga naijua. Mama yangu anayo kama hiyo kwenye kasha lake: mji wa korosho za rangi ya chungwa, pindo jeusi, jina MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Anayo moja tu. Khanga huuzwa doti, mbili pamoja. Moja peke yake ni kama kiatu kimoja. Tumekua tukiiona na hakuna aliyewahi kuuliza mwenzake yuko wapi.

Miezi mitatu iliyopita nikaandika hadithi fupi, maneno 3,000. Kuna shindano nataka kuipeleka, mwisho tarehe 30. Majina nimebadili, Uvinza nimeiacha. Ndani ya hadithi gadi ananunua doti, usiku kwenye behewa lake anaikata katikati kwa wembe wa kunyolea, kwa mwanga wa taa ya ishara. Kipande kimoja anakipeleka kwa hawara. Mkewe anaambiwa kingine kimeibwa njiani, naye anaamini mpaka uzeeni. Ile aya ya wembe nimejivunia sana, siwafichi.

Tatizo ni hili. Nilimpa dada yangu mkubwa asome. Akanirudishia na sentensi moja, "Umemvua mama nguo mbele ya watu," na tangu hapo hapokei simu. Juzi mama mwenyewe akapiga. "Nasikia umeandika khanga yangu. Ijumaa ukija unisomee, macho yangu hayashiki tena maandishi madogo."

Mama ana miaka 74. Habari za Uvinza hazijui, au ndivyo ninavyodhani. Nimsomee yote? Nitengeneze toleo la uongo la kumsomea? Au niifute, shindano nalo lipite? Wenye matusi pelekeni kwingine.

Dagaa Mchele

Nimeweka kambi. Ila mkuu, umeenda Uvinza kwa siri, umekula dagaa wa watu kwa siri, umeandika kwa siri, halafu mama yako akiomba kusomewa unatafuta toleo la uongo. Wewe ni mtoto wa gadi kweli, DNA ya nini.

Mama Wawili

Kaka yangu, dada yako yuko sahihi. Unasema umebadili majina, lakini kota za reli Tabora hazikuwa jiji. Ukiandika gadi wa njia ya Kigoma mwenye watoto watano, wazee waliobaki pale watakutajia mpaka namba ya nyumba. Mzee wako ametangulia, hayupo wa kujitetea. Mama yupo, na ndiye atakayesalimiwa sokoni kwa jicho la pembeni. Futa.

Wakili wa Kijiweni

Tuanze na neno lenyewe. Mnaita usaliti, una uhakika gani hakuoa? Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya wake zaidi ya mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Pia sheria hiyo hiyo, kifungu cha 160, watu wakiishi pamoja miaka miwili na kujulikana kama mke na mume, kuna dhana ya ndoa, ingawa inaweza kukanushwa. Gadi wa siku tatu Uvinza na nne Tabora sijui hakimu angemhesabuje.

La pili, mirathi. Kama alimuoa, yule binti ni mrithi kama nyinyi, nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Kama hakumuoa, kwa fiqhi harithi upande wa baba, isipokuwa mzee awe ameacha wasia, nao hauzidi theluthi. Nyumba mligawana?

Mtoto wa Kota

@Wakili, kuna nyumba moja tu, Cheyo, mama anaishi humo, hatujagawana kitu. Kama kulikuwa na ndoa sijui. Cheti sikukuta, na yule binti sikuthubutu kumuuliza. Anayempikia mgeni chakula huwezi kumuuliza cheti cha mama yake.

Mwalimu Chaki

Mimi nitaongelea hadithi, ya familia waachieni wenyewe. Swali langu ni dogo: mke katika hadithi yako anafanya nini? Gadi ananunua, anakata, anasafiri, anadanganya. Hawara anapokea. Mke "anaamini mpaka uzeeni." Miaka zaidi ya 30 anaamini tu? Anafua nguo za mtu ambaye wiki hadi wiki analala mji mwingine, anapanga mfuko wake, ananusa mashati yake, halafu hana analolijua? Majaji wa shindano wataliona hilo kabla ya kufika kwenye wembe wako.

Mtoto wa Kota

Hapo umenigusa pabaya, mwalimu. Ila mama kweli hakuwahi kusema kitu.

Mama Wawili

Kutosema na kutojua mnavichanganya nyie wanaume kila siku.

Mzee wa Foleni

Vijana, mimi nimesimama kwenye hesabu. Mtoto miaka minne mwaka 1988, basi kazaliwa 1984 au mwisho wa 83. Mwandishi, khanga ya mwaka ule unaijua au umesimuliwa?

Nchi ilikuwa kavu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula hazina, viwanda havina vipuri wala pamba ya kutosha, maduka ya serikali ya RTC rafu tupu. Sabuni foleni, sukari foleni. Khanga zikija, zinakuja kwa mgao, mnapitishwa kwa balozi wa nyumba kumi, kaya moja doti moja, na unaweza kukaa foleni tangu alfajiri zikaisha watu watatu mbele yako. Halafu 1983 yenyewe ndiyo ya wahujumu uchumi, Sokoine Waziri Mkuu, watu wanazika mali mashambani kwa hofu. Mfanyakazi wa treni kutembea na kitambaa kipya kwenye begi ilikuwa kujitafutia kesi.

Sasa niambie, huyo gadi wako doti aliinunua wapi, lini, na nani alimkalia foleni wakati yeye yuko Malagarasi na bendera mkononi? Mgao ulikuwa wa kaya. Foleni za kota walikaa kina mama.

Dagaa Mchele

Hatari. Mzee kaingia na kalenda.

Fundi Cherehani

Nami niongeze la ufundi. Doti ikikatwa, pale ilipokatwa nyuzi zinachomoka, lazima pakunjwe na kushonwa, la sivyo baada ya kufua mara tatu inakuwa kama ndevu. Mtu aliyekata kwa wembe gizani kwenye behewa hawezi kukata mstari ulionyooka, amini mimi. Zile picha ulizopiga unazo bado? Panua upande mfupi uangalie upindo. Kama ni cherehani, mshono ni sawa mwanzo mwisho. Kama ni mkono, kila mtu ana mkono wake. Angalia na rangi ya uzi. Kisha tafuta picha ya ile ya kwenye kasha.

Mtoto wa Kota

Nimepanua. Ni mkono. Vishono vidogo vimelala upande, vimekaribiana sana. Uzi si mweusi wala wa chungwa, ni wa kaki.

Nimemwomba mpwa wangu aliye pale nyumbani apige picha ile ya mama bila kusema ni ya nini. Naisubiri.

Mtoto wa Kota

Imekuja. Uzi wa kaki. Mama alikuwa na gurudumu moja la uzi wa kaki, la kushonea sare za baba. Vishono vimelala upande ule ule.

Sina la kuandika wakuu, nipeni dakika.

Mama Wawili

Rudi juu usome ulichoandika mwenyewe. Yule binti alikwambia ni mbeleko. Wewe kwenye hadithi umeifanya zawadi ya hawara. Mwanamke gani wa mwaka 1984 alihitaji mbeleko? Mwenye mtoto mchanga mgongoni na hana kitambaa. Na nani aliyejua kwamba hana?

Nimesema futa. Nimebadili, usifute.

Mke Mdogo Mstaafu

Naomba msimfanye mama wa watu malaika haraka hivyo. Mimi nilikuwa mke wa pili miaka 11, naongea ninachokijua. Mke mkubwa alinitumia beseni na khanga nilipojifungua. Nilikaa na ile khanga siku nzima nikiisoma jina lake. Wanawake hatutumiani khanga kimya kimya, jina ndiyo barua. Hiyo ya kwenu inasema MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mgeni ni nani pale, na mwenyeji ni nani? Mtu anaweza kukusitiri mtoto na papo hapo akakukumbusha nyumba ni ya nani. Yangu mimi sijui mpaka leo kama ilikuwa heri au onyo, na niliivaa mpaka ikatoboka.

Mzee wa Foleni

Dada, nakubali, ila mwaka ule hakuna aliyechagua jina. Ulichukua uliyopewa dirishani ukashukuru.

Mke Mdogo Mstaafu

Kuchukua hakuchagua. Kuikata na kuituma alichagua.

Mwalimu Chaki

Mleta uzi, hadithi yako imeanza sasa. Zile 3,000 zilikuwa za mtu mwingine.

Wakili wa Kijiweni

Kwa ile hoja yangu ya ndoa, kama mke mkubwa alikuwa na habari mapema hivyo, uwezekano wa kuwa kulikuwa na ndoa unaongezeka. Nawaza tu kwa sauti.

Dagaa Mchele

Ijumaa ni kesho. Tunaomba mrejesho, usitukimbie kama wale wa "nitarudi."

Mtoto wa Kota (mrejesho)

Nimerudi. Samahani, wiki imepita.

Nilimsomea toleo lile lile la kwanza, sikubadili neno. Nilitaka kubadili, ila nikaona nikirekebisha kwa vishono vya kwenye picha nitakuwa namwibia mara ya pili. Alikaa kwenye mkeka chini ya mwembe, miguu kainyoosha, anachambua mchele. Kwenye harufu ya mawese alicheka. Kwenye zamu za Kigoma akatikisa kichwa kwamba ndivyo. Nikafika kwenye wembe. Ungo ukasimama.

"Wembe? Baba yako kukata kucha tu alikuwa anajikata. Nilikata mimi, kwa mkasi wa jirani. Wangu ulikuwa butu."

Nikamuuliza alijuaje. Akasema mwanaume akianza kuuliza bei ya sabuni ya mtoto wakati mdogo wenu ana miaka minne, unajua. Basi. Hakusema alilia au hakulia. Nikamuuliza lile la @Mke Mdogo, kwamba ilikuwa kumsitiri au kumkumbusha mwenyeji ni nani. Akachambua mchele muda mrefu, nikadhani hakusikia. Kisha akasema mtoto alikuwa anazaliwa msimu wa mvua, na Uvinza kwa mvua anapajua.

Kumbe alishawahi kufika. Sikujua hilo, na hakutaka kuendelea nalo. Aliniuliza yule binti ana watoto wangapi, nikamtajia majina. La pili lilipotajwa aliomba nirudie. Ni jina lake yeye.

Shindano nimeliacha lipite. Siku nne zilizobaki hazitoshi, nataka kuandika upya na safari hii nitamuuliza kwanza. @Wakili, la ndoa nililiuliza pia. Jibu: "Waliompeleka wameshakufa wote, utamuuliza nani?" Chukua hiyo uifasiri kisheria.

Fundi Cherehani

Ule mkasi wa jirani ulikuwa mzuri. Nimeangalia ile picha, mstari umenyooka kama rula.

Mama Wawili

Na dada yako je?

Mtoto wa Kota

Jana amepokea simu. Mwaka ule alikuwa na miaka tisa. Yeye ndiye aliyetumwa na kifurushi stesheni, akamkabidhi baba mkononi, akaambiwa asifungue. Anasema mpaka leo anaikumbuka harufu ya gazeti kililofungiwa.

Nikamuuliza kwa nini miaka yote hii hakuniambia. Akasema sikumuuliza, nilimletea hadithi ikiwa imeshakwisha.