Kustaafia Cyprus ya Kaskazini, tununue nyumba au tupange?

Wakuu habarini. Mimi na mke wangu tumeshastaafu, tuko Uingereza na baridi imetuchosha kwelikweli. Tumeona nyumba Kyrenia, Cyprus ya Kaskazini, bahari unaiona dirishani na bei ni nafuu mno ukilinganisha na huku. Mama anataka tutoe arbuni mwezi huu ila mimi roho inasita, maana serikali ya kule inatambuliwa na Uturuki peke yake. Aliyekaa huko atuambie ukweli, hati zao zinaaminika? Na hospitali je, mama ana presha.

Jibu:
Shikamoo mzee. Arbuni msitoe kwanza! Ulizeni hiyo ardhi kabla ya 1974 ilikuwa ya nani. Jeshi la Uturuki lilipoingia mwaka ule Wacyprus wa Kigiriki walikimbilia kusini, upande wa serikali ya Cyprus inayotambuliwa kimataifa, wakaacha nyumba na mashamba, na kisheria bado ni mali yao hata kama kaskazini wameshamwandikia mtu mwingine hati. Kuna wanandoa Waingereza walijenga Lapithos, huko huko kaskazini, mwenye ardhi akawashtaki kusini akashinda, na 2009 Mahakama ya Ulaya ikasema hukumu hiyo itekelezwe hadi Uingereza, kwahiyo hata mali yao ya huko kwenu ikawa hatarini. Siku hizi kusini wanakamata hadi wajenzi na mawakala wanaouza ardhi hizo. Tafuteni wakili wenu wenyewe, sio anayeletwa na muuzaji.

Jibu:
Naunga mkono, pangeni tu. Mi nimeishi huko na dada yangu, watu wakarimu sana, ila umeme ukikatika unakatika kweli, bila jenereta chakula kwenye friji kinaharibika. Barua zinapitia Uturuki, anwani lazima uandike Mersin 10 (Mersin ni mji wa Uturuki). Ndege za Ercan, uwanja wa ndege wa kule, nazo lazima zitue Uturuki kwanza, na hilo mzee lifikirie sana siku ya msiba au ugonjwa. Dawa za presha zipo na hospitali binafsi zipo, lakini ugonjwa mkubwa mara nyingi wanakupeleka Uturuki, na ile kadi ya afya ya Uingereza inayotumika Ulaya kule haifanyi kazi, unalipa mfukoni au uwe na bima.

Muuliza swali:
Marahaba, asanteni sana wanangu. Nimemsomea mama yote, arbuni tumesitisha, tutapanga kwanza tuone. Sasa kuna bima inayompokea mtu wa miaka 70 mwenye presha?