Maumivu ya mwili mzima na pumzi inayokatika usingizini

Mama Wawili, Tanga

Wanajukwaa, habari zenu. Nina umri wa miaka 51, na kwa miaka 3 sasa ninaishi na maumivu ya mabega, mgongo na mapaja ambayo daktari ameyaita fibromialjia, baada ya vipimo vya damu, pamoja na vya tezi ya shingo, kutoonyesha kasoro. Mwezi uliopita tulikuwa msibani, nikalala chumba kimoja na binti yangu, naye akanieleza kwamba pumzi yangu ilikuwa ikikatika, kisha nagutuka kama mtu aliyepaliwa. Mimi si mnene, wala sikoromi kwa kishindo. Je, mambo haya mawili yana uhusiano? Nimeandikiwa dawa ya usingizi, lakini sasa naogopa kuimeza.

Nesi Mstaafu

Dada, pole sana, na hofu yako ina msingi. Baadhi ya dawa za usingizi, hasa za jamii ya diazepamu, hulegeza misuli ya koo, kwa hiyo mweleze daktari alichokiona binti yako kabla hujaanza kuitumia.

Fibromialjia na pumzi kukatika usingizini ni maradhi tofauti, ila hukutana. Mwaka 1975 mtafiti wa usingizi Harvey Moldofsky na wenzake, huko Toronto, Kanada, waliwavuruga watu wenye afya usingizi wao mzito usiku baada ya usiku, nao wakaanza kulalamikia maumivu ya misuli na uchovu. Koo linapoziba, ubongo hugutuka ili pumzi irudi, na usingizi hukatwa vipande ingawa mwenyewe hakumbuki kuamka. Maumivu nayo huvunja usingizi, ndiyo maana ni vigumu kusema kipi kilitangulia. Kwa umri wako, ongeza na kukoma hedhi: homoni ya projesteroni, ambayo huchochea upumuaji, hupungua, na hatari ya pumzi kukatika hupanda hata kwa mwembamba.

Mwana wa Pwani

Mimi nilipimwa kwa kifaa cha nyumbani, nikaambiwa pumzi inakatika au kupungua mara 4 kwa saa, na kwa kuwa ugonjwa huhesabiwa kuanzia 5, nikarudishwa na vidonge vya maumivu. Hakuna aliyenieleza kwamba kwa wanawake wengi tatizo hujikusanya katika usingizi wa ndoto, hivyo wastani wa usiku mzima hulificha, wala kwamba kifaa kile, kwa kuwa hakikupima mawimbi ya ubongo, hakikuweza kuona nilivyokuwa nikigutuka. (Hata lile dodoso la maswali 8 linalotumika kuchuja wagonjwa humpa mwanamume alama moja ya bure kwa kuwa mwanamume tu.) Nilipolazwa usiku mmoja kwa kipimo kamili, zilihesabiwa mara 17 kwa saa.

Sasa ninalala na mashine ya kusukuma hewa puani. Maumivu ya kichwa ya asubuhi yamekwisha na usahaulifu umepungua sana. Maumivu ya mwili yamepungua, lakini hayajaondoka, na bado ninafanya mazoezi mepesi kila siku.

Mama Wawili, Tanga

Ahsanteni sana. Sikuwahi kumwambia daktari kwamba hedhi ilikoma mwaka juzi, kwa kuwa hakuniuliza. Binti yangu amekubali kunirekodi kwa simu usiku wa leo, nami nitakwenda na video hiyo kliniki Jumatatu, pakiti ya dawa ikiwa haijafunguliwa.