Maswali ya utoshelevu wa data kwenye GMAT: mnafanyaje mazoezi?

Kutoka: Binti wa Shinyanga, South B
Jumatatu usiku

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni.

Nimejiandikisha kufanya GMAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, hapa hapa Nairobi, nataka kuomba shahada ya uzamili mwakani. Hesabu zenyewe hazinitishi, nilisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu) na kazini nashinda na mahesabu. Kinachonitoa jasho ni yale maswali yanayokupa swali na taarifa mbili, halafu hawataki jibu, wanataka useme kama taarifa zinatosha kulipata.

Mtandaoni mazoezi ni tele, lakini mengi yametungwa kwa ajili ya Wahindi wanaojiandaa na mitihani ya benki. Nayafanya, kisha nikirudi kwenye kitabu cha GMAT naona majibu yamepangwa kivingine kabisa. Mwenye uzoefu anisaidie: hayo mazoezi yanafaa au niyaache? Na kwa sisi Watanzania tulio ugenini, kuna la kujua kabla ya kwenda kwenye kituo cha mtihani?

Kutoka: Kijana wa Rongai
Jumatatu usiku

Dada, pole. Anza na herufi, ndizo zinazokuchanganya.

Kwenye GMAT machaguo ni matano na hayabadiliki swali hadi swali. A: taarifa (1) peke yake yatosha, (2) peke yake haitoshi. B: kinyume chake. C: zikiunganishwa zinatosha, lakini hakuna inayotosha peke yake. D: kila moja peke yake yatosha. E: hata zikiunganishwa hazitoshi.

Mitihani ya benki ya India, kama ile ya IBPS (taasisi inayotahini waombaji wa kazi za benki), mara nyingi A na B zao ni kama zetu, lakini nafasi ya tatu wanaweka "yoyote kati ya hizo mbili yatosha", ya nne "hata pamoja hazitoshi", na ya tano "zote mbili zinahitajika". Kwa hiyo C yao ni D yetu, D yao ni E yetu, E yao ni C yetu. Mtu anaweza kuwa amefikiri sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho na bado akajipigia mkasi.

Tena si kila swali lao litakufaa. Utakuta ya nani ni shemeji wa nani, nani kakaa kushoto kwa nani kwenye meza ya duara, na misimbo ya maneno. Wakati mwingine taarifa ni tatu. Hayo ruka. Chukua ya umri, kasi na umbali, faida na hasara, uwiano, asilimia na tabia za namba. Hayo ni mazuri na ni ya bure.

Ukinunua kitabu cha mitumba mjini, jua kwamba mtihani ulibadilika mwishoni mwa 2023. Zamani maswali haya yalikuwa ndani ya sehemu ya hesabu; siku hizi yako kwenye sehemu inayoitwa Data Insights, pamoja na majedwali na chati. Maswali ya zamani bado yanafaa, isipokuwa jiometria, ambayo imeondolewa kwenye hesabu. Kurasa za pembetatu na duara zifunge tu.

Kutoka: Mwalimu, Ngara
Jumanne asubuhi

Marahaba, binti.

Kijana amesema vizuri kuhusu herufi. Mimi nakwambia uziweke kando kabisa kwa sasa. Chukua daftari, na kwa kila swali andika: (1) yatosha au haitoshi, (2) yatosha au haitoshi, na kama zote zimegoma, zikiungana je. Ukishaandika hivyo ndipo utafute chaguo linalolingana, liwe la GMAT, la India au la popote pale. Herufi zikipangwa upya hazitakusumbua.

Jambo la pili: unapoisoma (2), sahau kwamba uliwahi kuisoma (1). Ni rahisi kusema, ni vigumu kutenda. Ndiyo maana nawaambia vijana waifunike (1) kwa kidole.

Haya, swali. Matatu yenye viti 14 vya abiria ilifanya safari moja bila kupakia mtu asiye na kiti chake. Kila mtu mzima alilipa shilingi 80, kila mtoto shilingi 50, na hakuna aliyepanda bure. Watu wazima walikuwa wangapi?

(1) Nauli yote iliyokusanywa ni shilingi 970.
(2) Viti vyote vilijaa.

Msiniletee hesabu ndefu. Yatosha au haitoshi, basi.

Kutoka: Mpemba wa Eastleigh
Jumanne mchana

Mwalimu, shikamoo. Mie nasema C. Visivyojulikana ni viwili, watu wazima na watoto, basi yahitajika milinganyo miwili. Ndivyo tulivyofundishwa skuli.

Na hilo sharti la viti, ati kila mtu na kiti chake! Hiyo matatu inapita mtaa gani? Huku kwetu jioni kiti cha watatu wanakaa wanne, na konda ananing'inia mlangoni.

Kutoka: Mwalimu, Ngara
Jumanne usiku

Marahaba, Mpemba wangu. Umejibu sawasawa na alivyotaka mtunga swali ujibu, na C ndiyo mtego wake mkubwa.

Toa sifuri pande zote: 8 mara watu wazima, jumlisha 5 mara watoto, ni 97. Watu hawakatwi vipande, kwa hiyo tunatafuta namba kamili tu. Watu wazima 4 na watoto 13, inakubali. Watu wazima 9 na watoto 5, inakubali. Nyingine hakuna. Lakini 4 na 13 ni abiria 17, na swali lilishakataza. Wanabaki 9 na 5. Taarifa (1) peke yake yatosha. Taarifa (2) inakupa abiria 14 lakini haisemi wangapi ni watoto. Jibu ni A.

Sasa tupande hiyo gari yako ya Eastleigh. Futa sharti la viti, na (2) iseme tu kwamba abiria walikuwa 14. Hapo (1) inaacha majibu mawili, 4 au 9, na unahitaji (2) ikuchagulie. Jibu limekuwa C. Kilichogeuza kila kitu hakimo kwenye taarifa, kimo kwenye swali lenyewe, mahali ambapo watu husoma kwa haraka kwa sababu wana hamu ya kufika kwenye taarifa. Na ndiyo, ujuzi wako wa matatu uache mlangoni. Mtihani hauijui Eastleigh. Kilichoandikwa ndicho kilichopo.

Kanuni ya "visivyojulikana viwili, milinganyo miwili" inaangusha watu pande zote. Hapo juu mlinganyo mmoja umetosha. Upande wa pili: andazi moja ni bei gani? (1) Maandazi 3 na vikombe 2 vya chai ni shilingi 90. (2) Maandazi 6 na vikombe 4 vya chai ni shilingi 180. Milinganyo ni miwili machoni, lakini wa pili ni ule ule wa kwanza uliozidishwa mara mbili. E.

La kufanyia kazi nyumbani, kwa binti: Je, n ni namba shufwa? (1) n kipeo cha pili ni namba shufwa. (2) 3n ni namba shufwa.

Kutoka: Mama Wawili, Kasarani
Jumatano jioni

Mwalimu shikamoo, ndugu zangu hamjambo.

Mimi nilifanya lile toleo la zamani, lakini maswali haya hayajabadilika tabia. Naomba niongeze kuhusu yale ya ndiyo au hapana, maana hapo ndipo naona wengi wanapoteza alama wanazozistahili. Mtu akipata "hapana", anaandika haitoshi. Hapana ya uhakika ni jibu kamili. Kinachofanya taarifa isitoshe ni kupata ndiyo mara hii na hapana mara nyingine.

Mfano wa hapa mjini: Je, kodi ya nyumba ya mpangaji inazidi nusu ya mshahara wake? (1) Kodi ni theluthi moja ya mshahara. (2) Akishalipa kodi anabakiwa na zaidi ya shilingi 30,000. Ya (1) inakupa hapana kavu, basi yatosha. Ya (2): mwenye mshahara wa 50,000 akilipa kodi 10,000 anabaki na 40,000, jibu hapana. Mwenye mshahara wa 100,000 akilipa kodi 60,000 naye anabaki na 40,000, jibu ndiyo. Haitoshi. A tena.

Oneni nilivyofanya kwenye (2). Sikutafuta jibu. Nimetafuta watu wawili wanaokubaliana na taarifa lakini majibu yao yanapingana. Wakipatikana, kazi imekwisha, taarifa haitoshi. Kwenye namba tupu jaribuni 0, 1, nusu, na namba hasi. Anayejaribu 2, 3 na 4 tu kila kitu kitamwonekea kinatosha.

Halafu muda. Sisi tuliokuzwa na mwalimu anayetaka kila hatua, na jibu lipigiwe mistari miwili chini, tunaona dhambi kuliacha swali bila jibu. Humu inabidi uiache hiyo tabia. Ukishajua jibu ni moja tu na linapatikana, funga, nenda swali linalofuata, hata kama hujui ni ngapi. Mimi mazoezi nilifanyia kwenye basi, foleni ya Thika Road jioni, na kwa makusudi sikutoa kalamu. Bila kalamu huwezi kukokotoa hadi mwisho, unalazimika kuamua tu. Nikifika nyumbani, watoto wakilala, ndipo nafungua majibu na maelezo.

Mkato mmoja wa herufi, kwa kuwa mwisho wa siku utazihitaji: (1) ikitosha, jibu ni A au D tu. Isipotosha, ni B, C au E. Taarifa (2) ikiwa rahisi zaidi, anza nayo: ikitosha ni B au D, isipotosha ni A, C au E. Hakuna aliyesema lazima uanze na ya kwanza.

Kutoka: Kijana wa Rongai
Jumatano usiku

Mama Wawili umenimalizia maneno. Nijibu lile la kituo.

Dada, pasipoti. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka kati yao kwa vitambulisho vya taifa, sisi hatumo kwenye mpango huo, na hata kituoni kitambulisho chetu cha taifa, cha NIDA, hakitakusaidia kwa kuwa unafanya mtihani nje ya nchi yako. Angalia tarehe ya mwisho ya pasipoti leo, usingoje wiki ya mtihani. Na majina kwenye akaunti yako ya GMAT yafanane na ya kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Sisi wa majina matatu tuna kawaida ya kuandika mawili huku na matatu kule. Hapo usifanye hivyo.

Kuna njia ya kufanyia mtihani nyumbani kwa kompyuta. Lazima uwe peke yako chumbani, unaangaliwa kwa kamera, na mtu asiingie. Kama unaishi na wenzako, au mtaa wenu stima inakatika bila taarifa, mimi nakushauri kituoni.

Ndani: Data Insights ni maswali 20 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na robo kila moja, na utoshelevu ni aina mojawapo kati ya tano. Kikokotoo kipo kwenye skrini, katika sehemu hii peke yake; ya hesabu huna. Ila ukijikuta unakibonyeza kwenye swali la utoshelevu, mara nyingi umeshapitiliza. Unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu yasiyozidi matatu katika kila sehemu, na mpangilio wa sehemu unachagua mwenyewe. Matokeo yanadumu miaka mitano, kwa hiyo kama unaahirisha masomo hujapoteza kitu.

Jumamosi sisi wachache tunakutana Maktaba ya Taifa, Upper Hill, saa nne asubuhi. Karibu.

Kutoka: Binti wa Shinyanga, South B
Alhamisi usiku

Asanteni sana wote, Mungu awabariki. Pasipoti nimeangalia, ipo hai.

Mwalimu, jibu la n. Swali halikusema n ni namba kamili, nimelisoma mara mbili kwa ajili ya yale ya matatu. (1) n inaweza kuwa 2, jibu ndiyo. Inaweza pia kuwa kipeuo cha pili cha 2: kipeo chake cha pili ni 2, shufwa, lakini n yenyewe si namba kamili, basi si shufwa. Haitoshi. (2) n inaweza kuwa 2, ndiyo. Au theluthi mbili: mara 3 ni 2, shufwa, lakini n si shufwa. Haitoshi.

Pamoja: theluthi mbili inakataliwa na (1), maana kipeo chake cha pili ni 4/9. Kipeuo cha 2 kinakataliwa na (2), maana ukikizidisha kwa 3 hupati namba kamili. Kwa (2), n ni namba kamili au sehemu, na sehemu ukiizidisha kwa yenyewe haigeuki kuwa namba kamili. Basi n ni namba kamili, na kama 3n ni shufwa, n nayo ni shufwa. C. Wangeandika mwanzoni kwamba n ni namba kamili, ingekuwa D.

Kutoka: Mwalimu, Ngara
Alhamisi usiku

C, na hoja yako imekamilika. Jumamosi njoo na maswali ambayo (2) ni rahisi kuliko (1), tuyafanyie kazi hayo. Na wewe Mpemba, uje.

Kutoka: Mpemba wa Eastleigh
Ijumaa asubuhi

Nakuja, Mwalimu. Kuna mtu anajua njia ya kutoka huku hadi Upper Hill bila kubadilisha gari mjini?